TAMKO LA TAWI: AGIZO BILA FUNGU NI MCHANGO WA MZAZI



Tangu wiki iliyopita simu za viongozi wa tawi hazijapumzika. Kila mzazi mwenye mtoto sekondari anauliza jambo moja: hii karatasi ya shilingi 15,000 ya gesi kwa kila muhula, tulipe au tusilipe? Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa, imeipitia karatasi, imepiga hesabu, na huu ndio msimamo wetu. Ujumbe ni mrefu. Tunaomba usomwe wote, maana hesabu tumeiweka humu ili kila mwanachama aweze kuitetea mwenyewe hata viongozi wasipokuwepo.

Shule hatuitaji kwa jina, na tunawaomba nanyi msiitaje mkisambaza. Mkuu wa shule si adui yetu. Tutaeleza kwa nini.

*1. TUNAKUBALIANA NA NINI*

Tuanze hapa ili asitokee mtu wa kutusingizia. Tawi halipingi nishati safi. Wapishi wa shule zetu ni mama zetu na dada zetu. Macho yao mekundu tunayaona, kikohozi chao tunakisikia. Serikali yenyewe imesema mara nyingi kwamba Watanzania wapatao 33,000 hufariki kila mwaka kwa sababu zinazohusiana na moshi wa kupikia. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo ni zuri na tunaliunga mkono.

Wapo wanachama wanaosema, "Sisi tuko Mufindi, tumezungukwa na miti ya kupanda, Sao Hill iko hapa, mabanzi yamejaa kila kiwanda cha mbao, agizo la kuni halituhusu." Ndugu zetu, moshi wa banzi haumwulizi mpishi kama mti ulipandwa au uliota wenyewe. Unaingia kifuani vilevile. Tukisimama kutetea moshi tutakuwa tumepoteza hoja kabla hatujaianza.

*2. TUNAPINGA NINI*

Agizo la Serikali lilitaka taasisi zinazoandaa chakula cha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024. Karibu kila shule inayopika chakula cha mchana imo humo.

Upande wa pili kuna agizo jingine la Serikali hiyohiyo. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulileta elimu bila ada kuanzia Januari 2016. Januari 2018 Rais John Magufuli, Mungu amrehemu, alipiga marufuku michango ya kulazimisha shuleni, na kila mwalimu alisikia.

Sasa mwekeni mkuu wa shule katikati. Mkono mmoja ameshikiwa agizo: acha kuni. Mkono mwingine ameshikiwa agizo: usimtoze mzazi. Katikati ya mikono miwili mfukoni hamna kitu. Lazima avunje agizo mojawapo. Akivunja la kuni, afisa wa mazingira anamwandikia. Akivunja la michango, mzazi anapiga simu redioni. Basi anavunja lile ambalo mwathirika wake hana cheo, nalo ni la mzazi.

Hicho ndicho tunachokipinga. Agizo lililotoka bila fungu la fedha limeshuka ngazi kwa ngazi, kutoka wizarani hadi mkoani, wilayani, katani, shuleni, mpaka likafika kwenye gunia la mahindi la mama aliyekuwa ameliweka kwa ajili ya mbolea. Huko juu linaitwa mkakati. Likifika kwake linaitwa mchango.

*3. HESABU*

Wanaosema wazazi wa huku ni wagumu kutoa, wachukue kalamu.

Ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo, utaratibu ulioanza na elimu bila ada ni kwamba shilingi 12,500 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu na shilingi 12,500 zinakwenda kwenye akaunti ya shule. Kwa msingi ni 10,000, ambapo 6,000 zinakwenda shuleni.

Chukueni mfano wa shule ya wanafunzi 500:

500 × 12,500 = shilingi 6,250,000 kwa mwaka mzima.

Hizo ndizo za chaki, karatasi, mitihani, umeme, maji, kitasa kilichovunjika, dirisha lililong'oka na kila dharura.

Sasa gesi. Mwaka wa masomo una siku 194. Tukadirie mtungi wa kilo 38 kwa shilingi 140,000, na tukadirie kwamba kwa ugali na maharage ya watoto 500 mtungi mmoja unadumu siku 2. Hiyo ni mitungi 97.

97 × 140,000 = shilingi 13,580,000.

Gesi peke yake ni zaidi ya mara mbili ya fedha yote ya uendeshaji inayofika shuleni. Mtu akisema tumekuza makisio, tumpe punguzo la nusu. Mtungi udumu siku 4. Ni mitungi 49, shilingi 6,860,000. Bado imemeza ruzuku yote na shule imebaki na deni, tena bila kununua hata boksi moja la chaki.

Gawanyeni 13,580,000 kwa wanafunzi 500. Mnapata shilingi 27,160 kwa mtoto kwa mwaka. Sasa angalieni ile karatasi: 15,000 mara mihula miwili ni 30,000. Mmeona? Mkuu wa shule hakuiba wala hakubuni. Alipiga hesabu ileile tuliyopiga sisi, akagawa deni la Serikali kwa idadi ya watoto. Mwenye watoto watatu ameletewa shilingi 90,000 kwa mwaka, juu ya mahindi, maharage na mshahara wa mpishi ambavyo wazazi tayari tunatoa.

Na hiyo ruzuku yenyewe ni ya lini? Kiwango cha msingi kilipangwa kwa dola 10 kwa mtoto wakati wa MMEM, mwaka 2002, dola moja ikiwa chini kidogo ya shilingi 1,000. Cha sekondari kikafuata kwa dola 25 wakati wa MMES. Leo dola moja ni zaidi ya shilingi 2,000 na kiwango cha 10,000 ni kilekile. Yaani mtoto wa leo anasoma kwa chini ya nusu ya kile alichopangiwa mtoto wa 2002, kisha tunamwongezea jiko la gesi juu ya hesabu ileile.

*4. "SERIKALI IMESHATOA RUZUKU"*

Hili ndilo jibu tunalopewa kila mahali. Majiko yameletwa, mitungi imeletwa, picha zimepigwa, asanteni sana. Kweli vimeletwa. Hatukatai.

Lakini aliyesoma hata hatua ya kwanza ya uhasibu anajua kuna gharama ya kununua kitu na kuna gharama ya kukiendesha. Mtu akikupa trekta bure halafu mafuta, vipuri na dereva ni juu yako, amekupa trekta na amekupa deni. Ruzuku ya majiko ya shule imelipia siku ya kwanza. Siku 193 zilizobaki hazina mwenyewe.

Mmeyaona wenyewe majumbani. Mitungi ya kilo 6 ya bei ya ruzuku ilipokuja, watu walijipanga mstari. Leo ingieni jikoni kwa majirani mhesabu ni mingapi imekuwa stuli. Gesi ya kujaza haikuwa na ruzuku. Sasa yaleyale yamefika shuleni kwa kipimo kikubwa: majiko ya gesi yamefunikwa turubai yasipate vumbi, na nyuma ya jengo mafiga matatu yanaendelea kufuka kama zamani. Mgeni akija turubai linafunuliwa. Akiondoka linarudishwa. Takwimu inapelekwa wilayani kwamba shule imehamia nishati safi, na mpishi bado analia na moshi.

Kisha tuulizane ruzuku hiyo inatoka mfuko wa nani. Fungueni ujumbe wa LUKU mlionunua jana. Kuna VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1, REA asilimia 3. Ukinunua umeme wa shilingi 10,000, ukiacha kodi ya jengo, kama shilingi 246 zinakwenda nishati vijijini. Kwenye petroli na dizeli nako kuna tozo yake, na hiyo tunailipa kila tunapopanda bodaboda au kusafirisha viazi. Mfuko wa Nishati Vijijini uliundwa kwa Sheria ya mwaka 2005 na Wakala ukaanza kazi 2007. Miaka yote hiyo tunachangia. Kwa hiyo asije mtu na kipaza sauti akatuambia tumepewa zawadi. Ile ni fedha yetu inarudi, na imerudi nusu njia.

*5. JENGO KABLA YA MTUNGI*

Hapa ndipo Tawi linatofautiana na wale wanaolalamika tu bila kusema wanataka nini.

Kosa kubwa la ruzuku hii ni kuanzia kwenye mtungi. Gesi ni nishati ghali. Ukiipeleka kwenye jiko linalovujisha moto, chini ya sufuria isiyo na kifuniko, ndani ya banda lisilo na ukuta upande wa upepo, unachoma fedha hewani. Ruzuku ingeanza na jengo la jiko na namna ya kupika, kisha ndipo ikafika kwenye chanzo cha nishati.

Mambo yenyewe si ya kisayansi sana:

• Jiko lenye kuta, bomba la moshi na madirisha yaliyopangwa. Moto haupigwi na upepo, na moshi unatoka nje kwa bomba badala ya kupitia kifuani kwa mpishi.

• Jiko banifu la taasisi, lililojengwa kwa matofali ya kuhimili moto, sufuria ikizama ndani. Likijengwa vizuri linapunguza kuni kwa nusu au zaidi ukilinganisha na mafiga matatu.

• Maharage kulowekwa usiku kucha na sufuria kufunikwa. Hii haihitaji hata mhandisi. Inapunguza saa za kupika, na saa zikipungua fedha inapungua, uwe unatumia gesi, umeme au banzi.

• Masufuria makubwa ya umeme ya presha kwa shule zenye umeme wa uhakika. Yanahifadhi joto ndani na kula umeme kidogo kuliko jiko la wazi.

• Kwa shule za bweni, gesi ya vinyesi kutoka vyooni. Rwanda wamefanya hivyo kwenye magereza yao tangu miaka ya 2000. Kama gereza linaweza, bweni la wasichana linashindwaje?

• Madarasani, bati moja la kupitisha mwanga kwenye kila chumba chenye giza na taa za LED. Darasa linalowasha taa saa tano asubuhi lilijengwa vibaya, na bili yake ya umeme inalipwa na hiyohiyo 6,250,000.

Rudini kwenye hesabu yetu. Shule ikipunguza mahitaji yake ya moto kwa nusu kabla ya kununua mtungi wa kwanza, ile 13,580,000 inakuwa 6,790,000. Bado ni nyingi, lakini hiyo Serikali inaweza kuibeba kwenye bajeti bila kelele. Ya kwanza haibebeki, na ndiyo maana imerushwa kwa mzazi.

Tena kazi hii wanaiweza mafundi wetu. Madarasa mangapi yamejengwa kwa fosi akaunti kwenye kata hii? Hata majiko yanawezekana. Vikundi vya vijana vinavyopata mkopo wa asilimia 10 ya halmashauri vipewe mafunzo na vipewe kazi. Fedha ya ruzuku ibaki Mufindi inunue tofali la hapa, imlipe fundi wa hapa.

*6. MAJIBU YA HOJA TUTAKAZOKUTANA NAZO*

"Serikali haina fedha." Kama haina, iseme hivyo na isogeze tarehe ya agizo. Haiwezekani ikawa na fedha ya kutosha kutoa amri na ikakosa ya kuitekeleza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Chakula ni wajibu wa mzazi, kwa hiyo na nishati ni yake." Chakula tunatoa. Kuni tulikuwa tunatoa, mtoto na banzi lake begani. Serikali imesema tuache kilichokuwa rahisi tuhamie kilicho ghali, kwa faida ya taifa zima: misitu, afya, hali ya hewa. Jambo la faida ya taifa linalipwa na taifa. Halilipwi na mzazi wa Mufindi peke yake.

"Msilete siasa shuleni." Siasa ililetwa siku majiko yalipokabidhiwa na viongozi wamevaa sare. Sisi tunaleta hesabu.

*7. MADAI YETU*

Tawi linaelekeza madai haya kwa diwani wetu, kwa halmashauri na kwa mbunge, na tumeyaandika kwa barua:

(i) Mchango wa gesi usiwe wa lazima, na mtoto yeyote asinyimwe sahani wala kusimamishwa pembeni wakati wenzake wanakula. Hili halisubiri bajeti. Linaanza kesho asubuhi.

(ii) Bajeti ya halmashauri ya mwaka wa fedha ujao iwe na kasma ya nishati ya kupikia shuleni, inayoonekana kwa jina lake, isiyofichwa ndani ya "matumizi mengineyo".

(iii) Ruzuku yoyote ya nishati kwa shule ije na sehemu tatu kwa pamoja: jengo la jiko, kifaa, na uendeshaji wa angalau miaka 3. Ikikosekana sehemu moja, ijulikane kuwa ni nusu ruzuku.

(iv) Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi kipandishwe. Mbunge alisemee hili bungeni bajeti ya TAMISEMI ikifika, na tutasikiliza kama amelisema.

(v) Kila shule ibandike ubaoni fedha iliyoingia na iliyotumika. Fedha zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule na zinaandikwa kwenye mfumo wa FFARS. Taarifa ipo. Kilichobaki ni karatasi moja na gundi.

*8. KAZI YA MWANACHAMA*

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa. Unaofuata tujae. Tusiende kupiga kelele. Twende na maswali matatu, yaulizwe na watu watatu tofauti:

Ruzuku ya uendeshaji iliyoingia shuleni mwaka huu ni kiasi gani?
Majiko yaliyoletwa yanatumika siku ngapi kwa wiki?
Nani aliamua kwamba gharama ya kujaza gesi ni ya mzazi, na uamuzi huo umeandikwa wapi?

Majibu yasipopatikana, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Atakayehitaji msaada wa kuandika barua afike ofisi ya tawi, tutaandika pamoja.

Wanachama walio kwenye bodi ya shule na kamati za shule za msingi: mkiletewa muhtasari wa kupitisha mchango huu, msisaini kwa aibu. Ulizeni hesabu kwanza, na kama hamkubaliani, andikeni kwamba hamkubaliani. Sahihi ya mjumbe wa bodi ndiyo itakayotolewa kesho kama ushahidi kwamba wazazi walikubali wenyewe.

Wenye uwezo wa kuongeza mahindi na maharage waendelee kama kawaida. Mtoto asilale njaa kwa sababu wakubwa tunabishana. Na mwalimu asitukanwe na mwanachama yeyote, shuleni wala kwenye makundi ya simu. Mwalimu tumemkuta kwenye mtego uleule tulionaswa sisi.

Baraza la madiwani hujadili bajeti kabla Bunge halijaanza kikao chake cha Aprili. Tukichelewa hapo, Julai mwaka mpya wa fedha utaanza na kasma hakuna, na karatasi ya 15,000 itakuja tena, safari hiyo ikiwa na mhuri.

Ujumbe huu usambazwe kwa mabalozi wote na usomwe kwenye vikao vya mashina kwa wasio na simu janja.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.